Picha moja ya Cairo, mabaraza mawili

Mwaka wa tisa huu niko Cairo. Nikirudi Unguja watu huniuliza piramidi, na mimi piramidi nimekwenda mara mbili tu, zote nikisindikiza wageni. Ninachokikumbuka nikiwa nyumbani ni televisheni ya mkahawa ulio chini ya nyumba ninayokaa, mtaa wa Shubra. Iwe asubuhi au usiku wa manane, hukosi kukuta picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, watu wanacheza dhumna nayo inaendelea juu ya vichwa vyao.

Usiku mmoja ilikuwa zamu ya Bab el Hadid ya mwongozaji Youssef Chahine, ya mwaka 1958. Ilifika pale mwisho, mzee Madbouli anamwendea Qinawi kwa sauti ya baba, anamwambia harusi yake na Hanouma, msichana anayemtaka, iko tayari, avae nguo za bwana harusi. Nguo zenyewe ni zile za kuwafunga mikono wendawazimu. Fundi magari aliyekaa mbele yangu hakuinua macho. Alikuwa anapanga kete zake huku midomo ikitamka maneno ya Madbouli, na akimtangulia. Kisha akaipiga kete mezani, akatangaza kafunga.

Mimi Chahine namuhusudu, siwezi kuficha. Mtu wa Alexandria, kaenda kusomea maigizo California, karudi, na mwaka 1954 kamtoa Omar Sharif hadharani katika Siraa fil Wadi. Angeweza kubaki na sura nzuri na majumba ya mapasha. Yeye akaipeleka kamera kwenye kituo kikuu cha treni, kwa wapagazi wanaohangaika kuunda chama chao na wasichana wanaouza soda kwa ndoo wakikimbizwa na polisi. Halafu mhusika mgumu kuliko wote, Qinawi, muuza magazeti anayechechemea, akamwigiza mwenyewe. Kibanda cha Qinawi kimejaa picha za wanawake alizokata magazetini. Chahine hamcheki mtu huyu, wala hamtetei anaponunua kisu. Anakukalisha naye tu, mpaka unaanza kujisogeza kwenye kiti.

Wamisri wanaponitambia sinema yao huwakumbusha, kwa adabu, kwamba picha hii waliikataa. Walikwenda kumwona Farid Shawqi, aliyeitwa mfalme wa terso, yaani viti vya bei rahisi. Walitaka ngumi, wakapewa kilema anayeumwa na mapenzi. Ikasusiwa, ikakaa miaka mingi haitajwi. Ila wao walipata nafasi ya kugeuza mawazo, kwa sababu mkanda ulikuwapo. Wajukuu wakaitazama, wakaona walichokikataa wazee wao.

Hapo ndipo wivu unaponishika. Kwetu Vuga lipo jumba la Majestic, lililojengwa mwaka 1955 baada ya lile la mwanzo, Royal, kuungua. Bibi yangu alikuwa akienda siku za wanawake, na picha za Misri alizifuata kwa ajili ya nyimbo. Umm Kulthum na Abdel Wahab walitoka kwenye skrini wakaingia kwenye taarabu yetu, wala hakuna aliyewaona wageni. Leo jumba limechakaa vibaya. Tunalo tamasha la sinema la kila mwaka pale Ngome Kongwe, tangu 1998, na nalipenda. Lakini picha niliyoiona pale mwaka juzi nikitaka kuiona tena leo, niende wapi? Sisi hupewa kutazama mara moja tu.

Msidhani nimeshalewa Misri. Foleni ya kibali cha ukaazi naijua mimi, na dereva wa teksi huniita Msudani kabla sijafungua mdomo. Hata hizo picha ninazozisifu, mtu wa rangi yangu mara nyingi kazi yake kufungua mlango na kuleta kahawa. Mzee mmoja mkahawani nilimweleza hilo, akanyamaza kidogo, akaniagizia chai. Sikujua ni radhi au ni kunifunga mdomo.

Likizo iliyopita nikaichukua Bab el Hadid kwenye flashi, nikaipeleka barazani kwetu. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, nikatumia kompyuta yangu, watu tisa tumebanana mbele ya kioo cha kiasi cha sinia ndogo. Kiarabu natafsiri mimi, kama wale wa vibanda umiza.

"Steringi yupi?" ami yangu akauliza.

Nikamwonyesha Qinawi.

"Huyu kiguru? Basi hii picha haina steringi."

Akageuka upande kumwita muuza kahawa. Muuza kahawa hakuitika. Alikuwa amesimama nyuma yetu, birika mkononi, anamtazama Hanouma akicheza ndani ya behewa na ndoo yake ya soda. Ami akageuka tena kutazama, na safari hii hakusema kitu, mpaka Qinawi anapochagua kisu, akatoa "Lahaula!" moja nzito.

Chaji ikaisha zikiwa zimebaki kama dakika ishirini.

Nimerudi Cairo, na kila wiki ami ananitumia ujumbe wa sauti. Anaanza na salamu, anauliza afya, bei ya vitu, kisha anateremsha sauti: yule kiguru, mwanangu, ilikuwaje? Simwambii. Nataka Madbouli amkute amekaa.