Acheni kuiita "kikapu cha shaba"

Kila ikipita picha ya sanaa ya Kijapani ya kanda za metali zilizosukwa, lazima atokee mjuzi mmoja: "Kumbe kikapu tu, ila cha shaba." Tu!

Haya, mitindo mingi imetoka kwa wasukaji wa mianzi, sikatai. Ajiro (msuko wa mshazari) na mutsume (msuko wa matundu ya pembe sita) ni zao, na Shōno Shōunsai alitangazwa hazina hai ya taifa kwa kazi ya mianzi mwaka 1967. Lakini mwanzi ukiupinda unarudi. Ukindu ukikauka unaulowesha, unaendelea. Shaba haina huruma hiyo. Ukanda wa nusu milimita ukiupinda na kuukunjua palepale mara kadhaa unakakamaa, ukilazimisha unapasuka. Dawa yake ni moto: uupashe mpaka uwe mwekundu hafifu, uutose majini, uusafishe kwa tindikali iliyozimuliwa. Na hayo yote kabla ya kusuka. Ukipasha kitu kilichokwisha kusukwa, ule weusi wa moto unajificha kwenye makutano, tindikali inaufuata humo na haitoki, baadaye kijani kinaanza kuchuruzika.

Halafu kingo. Mkasi wa bati huacha ukingo mkali. Usipopitisha tupa pande zote mbili, kila ukanda unamchuna mwenzake, na mchubuko uliofunikwa na ukanda mwingine utausugulia wapi? Lehemu nayo iishie mdomoni mwa chombo. Ikipata upenyo hukimbilia ndani kama mafuta kwenye utambi.

Ila wanaosema "kikapu" hawajaiona sufuria ya kupikia rangi. Shakudo ni shaba yenye dhahabu kama asilimia 3 hadi 5. Shibuichi, jina lake lenyewe "moja ya nne", ni shaba na fedha. Kabla ya kupikwa, iweke shakudo kando ya shaba tupu, kisha niambie ipi ni ipi. Msukaji anakwenda kwa kuhesabu, si kwa macho. Kazi ikiisha inasafishwa mafuta yote, inapakwa figili nyeupe iliyokunwa, inachemshwa kwenye maji ya rokushō (chumvi za shaba za kijani) na mrututu, gramu chache kwa lita, ikigeuzwageuzwa. Shaba inaiva nyekundu, shakudo nyeusi yenye zambarau, shibuichi kijivu, fedha inabaki nyeupe. Palipoguswa na kidole chenye mafuta panatoka baka. Na ule ukanda mmoja uliopitishwa pasipo pake ndipo unapojitokeza, mweusi tii katikati ya wekundu, mdomo umeshalehemiwa.