Namba za Mama wa Watu Zinawahusu Nini?

Ngamiani, hapa Tanga, utawakuta vijana wa mizani kando ya njia: unatoa sarafu, unapanda, unaambiwa kilo zako. Mizani haina kosa. Kosa analo kijana mwenyewe. Mama wa watu kapanda na buibui lake, mara sauti hiyo: “Tisini na mbili! Mama, punguza chapati!” Bodaboda wote kicheko. Mbona wenye presha hatuwatangazii namba zao barabarani?

Ati ndiyo kumsaidia, akiona haya ataanza mazoezi. Thubutu! Mwenye haya hujifungia ndani. Kwenye mazoezi ya alfajiri kule Raskazone hatokei, kliniki haendi, maana anajua atakalosomewa mlangoni. Atanunua chai ya “kukata tumbo”, na nyingi ya hizo ni sanamaki tu. Ataharisha, maji yatamtoka, mafuta yatabaki palepale. Akishakunywa maji kilo zimerudi, na haya juu yake.

Kuukubali mwili ni jambo la kazi kabisa: nguo, viatu na ratiba viwe vya mwili wa leo, visisubiri ule wa Idi ijayo. Chukua mapaja. Kwa jasho la Tanga yakisuguana robo saa ngozi imechubuka, kesho mtu hatoki, nanyi mwamwita mvivu. Avae taiti ya kufika karibu na goti ndani ya dera, isiwe ya pamba tupu inayolowa na kushika jasho, na apake mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Ndala aziache nyumbani. Vidole hujikunja kuzishikilia mpaka nyayo ziume. Raba, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Wiki ya kwanza atembee dakika 10 tu, baada ya chakula cha jioni, siku tano. Kila wiki ongeza 5. Wiki ya tano ni dakika 30, yaani 150 kwa wiki, pale Shirika la Afya Duniani linapoanzia kwa mtu mzima. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Ukikosa siku, imepita. Wanaolipa deni kwa saa nzima Jumapili ndio Jumatatu wanashika magoti.

Wa baiskeli, na huu ndio mji wake: pandisha tandiko. Pedali ikiwa chini kabisa, kisigino juu yake, mguu unyooke. Tandiko la chini linaua magoti, halafu lawama anapewa unene.

Wali wa nazi hauendi popote, mchicha uchukue nusu ya sahani. Soda ya kola waachie wageni: mililita 350 zina vijiko vya chai kama 9 vya sukari.

Haya, shingo upande nakubali: mafuta ya tumboni yanavuta sukari na presha. Basi pima kiuno, chumbani kwako, kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Mara moja kwa mwezi yatosha. Presha nayo ipimwe, na nyie wembamba mnaocheka mmo.

Nawe kijana wa mizani, mwandikie mteja namba yake kwenye kikaratasi. Sarafu katoa yeye, bodaboda hawakutoa kitu.