Kibao cha historia kinang'aa, ratiba haisomeki

Hivi stesheni za treni za vitongojini nani kaziroga? Ukutani kibao cha shaba kinang'aa: stesheni ilifunguliwa lini, mgeni rasmi nani, paa lilijengwa kwa mbao gani. Sawa, historia naipenda. Ila mimi nataka kujua treni ya saa kumi na mbili na robo inakuja au haiji!

Ratiba ipo, nyuma ya kioo kilichopauka kwa jua, wino umefifia mpaka 3 na 8 hazitofautiani. Dirisha la tiketi limefungwa, mashine inatema noti. Kipaza sauti ndiyo kichekesho chenyewe: "Abiria wa kuelekea krrrr, treni yenu itachelewa kwa krrrr." Tunabaki kutazamana.

Na kumpa abiria ratiba ya kueleweka si jambo geni duniani. Uingereza, George Bradshaw alianza kuchapisha kitabu cha ratiba za treni mwaka 1839. Mwaka uliofuata kampuni ya Great Western Railway ikaamua stesheni zake zifuate saa ya London, maana kila mji ulikuwa na saa yake na ratiba zilikuwa vurugu tupu. Watu wa injini za mvuke hao! Sisi saa ya jukwaani imesimama, eti ni ya kihistoria, isiguswe.

Choo nacho kina kufuli, mwenye ufunguo anaondoka mchana. Wakitaka kubandika kibao kingine wabandike tu, mradi kwanza wabadilishe hiyo karatasi ya ratiba.