Msimsikilize Yule wa Voisi

Najua mmeshaisikia. Voisi ya binamu yangu, ile anayocheka kuliko anavyoongea, akidai niliunguza klachi ya gari kwa kuikanyaga njia nzima, imefika mpaka kwa majirani zangu hapa Kisasa, Dodoma. Leo asubuhi mama wa genge kanifungia nyanya, akanipa chenji, halafu akalia "mooo". Sasa na mimi nisikilizeni.

Kwanza, si kweli kwamba nilikanyaga klachi kutoka mjini mpaka vijiji vya ndani huko Mvumi. Mguu haukuwa juu ya klachi. Ulikuwa umepumzika jirani. Pili, ile Hardtop, gari la foo wili (linaloweza kuvuta kwa tairi zote nne), ilikuwa imetoka gereji juzi tu, klachi pleti mpya, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Binamu hasemi kwamba fundi ndiye aliyeshauri tubadilishe pleti peke yake. Presha pleti inayoibana na rilizi beringi inayosaidia kuiachia "bado zinadunda, bosi, usimwage hela". Nani anabishana na mtu aliyelala chini ya gia boksi? Unasema sawa, unamwachia ya soda.

Tukapakia ukoo. Mbele mimi na mshenga mwenye barua ya posa, nyuma shangazi, mjomba na muoaji mwenyewe, ambaye ndiye huyo huyo anayenitangaza. Mtu nimembeba kwenda kumtafutia mke!

Makorongo ya Dodoma mnayajua. Mvua ikishakata, hakuna tone la maji, ni mchanga mtupu umelala kwa upole. Nikavuta gia ndogo ya foo wili nikaingia kwa madaha. Zile loki za tairi za mbele, zinazozungushwa kwa mkono, zilikuwa kwenye frii, yaani tairi za mbele hazivuti. Mkono wa mwisho kuzigusa ulikuwa wa fundi. Andikeni hilo.

Katikati ya korongo gari likakaa.

Nikaongeza moto. Injini ikapanda, ikapiga kelele, gari limetulia. Nikaachia klachi yote, mguu uko hewani kabisa, mshenga ni shahidi. Gia ya kwanza: kelele tu. Rivasi: kelele tu. Kwanza tena. Nyuma wamenyamaza, wananisifu moyoni, wanadhani ndivyo gari la foo wili linavyofanya kazi.

Ndipo harufu ikaja.

Klachi ikiungua, harufu yake haisingiziki kwa mtu anayeijua. Shangazi haijui. Alishika pindo la kitenge polepole, akafunika pua, akageuza shingo, akatazama miguu ya mjomba.

"Shemeji, hebu vaa viatu."

"Nimevaa, shemeji."

"Basi usivivue tena."

Mjomba akainama kujinusa. Mtu mzima, suti ya kuazima, kainama ndani ya gari kunusa soksi zake, na mimi dereva ninayejua fika kinachoungua nimekaza macho kwenye kioo cha mbele utadhani nasoma kitu. (Mjomba, kama unasoma hapa, nilikuwa natafuta namna ya kukutetea.) Muoaji akafungua dirisha kwa adabu. Mshenga akakohoa. Halafu moshi ukachungulia pale kwenye mpira wa gia, katikati yangu na mshenga, na mjomba akainua kichwa. Sijawahi kuona mtu akifurahia moshi kiasi kile.

"Mmeona? MMEONA?"

Wote nje. Shangazi aliruka na mkoba wa hela za posa kifuani, ndala moja ikabaki garini.

Ya baadaye nayapitisha haraka kwa sababu yananiuma. Watoto walituona, wakakimbia kutoa habari. Wakaja vijana na jozi mbili za maksai wenye nira shingoni, na nyuma yao mzee mmoja na fimbo, anatembea bila haraka. "Mbukwenyi," akatusalimia kwa Kigogo. Akalizunguka gari. Akachungulia uvunguni. Akauliza, "Ninyi ndio waoaji?"

Alikuwa baba mkwe.

Mnyororo ukafungwa mbele, vijana wakasukuma nyuma, mimi nimebaki peke yangu kwenye usukani, gia huru, natazama mikia minne. Vigelegele tulivyopokelewa navyo, niwe mkweli, vilikuwa vya maksai.

Mshenga wetu alikuwa ameandaa hotuba ndefu ya kupunguza idadi ya ng'ombe. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ng'ombe mmewaona. Nguvu zao mmezipima wenyewe. Tunataka wa aina hiyo hiyo." Kisha kwenye orodha, chini ya blanketi la babu na shuka la bibi, akaongeza: kuvuta gari, mbuzi mmoja.

Gari lilirudi mjini nyuma ya lori la mahindi. Fundi mwingine kashusha gia boksi: pleti imelika mpaka kwenye riveti, flaiwili, lile gurudumu la injini linalogusana na pleti, ina madoa ya bluu kwa moto. Kaagiza vyote vitatu, pleti, presha pleti na rilizi beringi, kwa pamoja, na kanifundisha kipimo: vuta hendibreki, weka gia ya nne, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi ina uhai. Isipozima, usipakie ukoo.

Mjomba bado hajaongea na shangazi. Kikao cha ukoo kimeamua yule mbuzi ni wangu. Mimi nasema ni wa fundi wa kwanza. Fundi wa kwanza amezima simu.