Umri wa Juan Soto siku alipouzwa

Usiku wa Agosti 1, 2022, mjini Washington, mpigaji wa besiboli Juan Soto aliutandika mpira wa mrushaji Max Scherzer ukavuka uzio. Wawili hao walitwaa pamoja World Series, taji la ubingwa wa besiboli Marekani, wakiwa na Nationals, timu ya Washington, mwaka 2019. Sasa Scherzer alikuwa amevaa jezi ya Mets ya New York; Nationals walishamtoa Julai 2021 walipoanza kubomoa kikosi ili wajenge upya. Kesho yake Soto naye akapelekwa timu ya San Diego, yeye na mwenzake Josh Bell, kwa kubadilishana na wachezaji sita.

Soto alikuwa na miaka 23. Ishike namba hiyo, nitairudia.

Kwa wachambuzi wengi wa besiboli kesi hii ilikwisha zamani: timu inayojengwa upya humtoa nyota wake angali na thamani, basi. Mashabiki waliolia siku ile wakaonekana watu wa mapenzi tu, wasiojua hesabu. Mimi naona walikuwa na hesabu yao, na hakuna aliyekaa nao akaipiga hadi mwisho.

Tuanze na wauzaji, maana hoja yao si ya kubeza. Kwa msomaji aliyezoea usajili wa soka, huku hakuna ada ya uhamisho inayoingia benki: unatoa mtu, unapewa watu. Mchezaji akishatimiza misimu sita ya ligi kuu anakuwa huru, na klabu yake inabaki na nafasi ya ziada ya kuchagua kijana asiyejulikana. Soto angekuwa huru baada ya msimu wa 2024. Alikuwa ameshakataa dola milioni 440 kwa miaka 15, familia ya Lerner inayomiliki klabu ilikuwa inatafuta mnunuzi, na timu ilikuwa mkiani, ikielekea kufungwa mechi 107. Ungemfanyia nini?

Angalia yaliyowapata timu ya Angels. Julai 2023 walikuwa na Shohei Ohtani, mkataba unaisha, nchi nzima inamtaka. Wakagoma kumtoa. Wakaongeza wachezaji wakidhani watafika hatua ya mtoano, Agosti ikawateketeza, wakamaliza na ushindi 73 na vipigo 89. Desemba Ohtani akahamia Dodgers kwa milioni 700. Upande mwingine wako timu ya Royals, waliomtoa mrushaji wao Zack Greinke Desemba 2010 na kumpata Lorenzo Cain na Alcides Escobar. Mwaka 2015 wawili hao walikuwa nguzo za timu iliyobeba taji. Mifano hii ndiyo inayotajwa kila mjadala huu unapoibuka, na ni mifano ya kweli.

Lakini Ohtani alikuwa na miaka 29 na miezi miwili tu ya mkataba. Soto alikuwa na miaka 23 na misimu miwili na nusu.

Swali la msingi la kujenga upya ni hili: tutakapokuwa tayari kushinda, huyu bado atakuwa mkali? Kwa Scherzer jibu lilikuwa hapana; alipotolewa alikuwa ametimiza miaka 37, na nisingemlaumu mtu kwa kumuuza. Kwa Soto jibu lilikuwa ndiyo, hata ujenzi ukichukua miaka mitano. Mwaka 2025, akiwa na Mets, alipiga mipira 43 nje ya uzio na kuiba besi 38, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe. Alikuwa na miaka 26. Ujenzi wenyewe hufanywa ili upate mtu wa namna hiyo.

Tuje kwenye hizo milioni 440, ambazo zimefanya kazi kubwa ya kumchafua kijana. "Amekataa milioni 440!" Ukisikia hivyo, unamwona mlafi. Gawanya kwa 15: unapata milioni 29 na kitu kwa mwaka. Sasa rudi kwenye usiku ule wa Agosti 1. Yule mrushaji aliyetandikwa, mzee wa miaka 38, alikuwa analipwa zaidi ya milioni 43 kwa mwaka ule. Yaani mpigaji wa miaka 23 aliambiwa ajifunge hadi anakaribia miaka 40 kwa theluthi mbili ya mshahara wa mtu aliyemtandika mpira. Desemba 2024 soko likatoa jibu lake: Mets wakampa milioni 765 kwa miaka ileile 15. Nationals walipanda dau hadi mahali fulani, wakasimama, kisha habari ikatangazwa kwamba yeye ndiye aliyekataa.

Woga wao naweza kuuelewa. Desemba 2019, taji likiwa bado jipya, walimpa mrushaji Stephen Strasburg milioni 245 kwa miaka saba. Baada ya saini ile alicheza mechi nane tu, mwili ukagoma, akastaafu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ila bega la mrushaji wa miaka 31 na jicho la mpigaji wa miaka 23 ni vitu viwili tofauti, na watu wa besiboli wanalijua hilo kuliko mimi.

Kuna hoja moja ya wauzaji inayonisumbua kweli: bei. San Diego walitoa mzigo ule kwa sababu walikuwa wanapata nafasi tatu za kuwania taji akiwa nao, 2022, 2023 na 2024. Kila mwezi ukipita, bei inashuka. Ni kweli, lakini inashuka hadi wapi? Desemba 2023 San Diego wenyewe walimtoa Soto kwa Yankees akiwa amebakiza msimu mmoja tu. Wakapata Michael King, ambaye msimu uliofuata alikuwa mmoja wa warushaji bora wa ligi, na Drew Thorpe, kijana waliyemtumia baadaye kumpata mrushaji Dylan Cease. (Trent Grisham alikwenda New York pamoja na Soto. Ni yuleyule aliyekuwa Milwaukee Oktoba 2019, mpira wa Soto ulipompita, watu watatu wakakimbia hadi besi ya nyumbani na kupata pointi, na Nationals wakaendelea na safari yao ya taji. Besiboli ina mzaha wake.) Kwa hiyo Nationals wangeweza kumaliza 2022, wakapanda dau tena, na kama imeshindikana wakauza majira ya baridi au hata Julai iliyofuata. Wangepata pungufu, sawa, lakini wasingetoka mikono mitupu.

Mfano ambao wauzaji hawapendi kuutaja ni wa Royals walewale. Mwaka 2023 walifungwa mechi 106. Kwa kanuni ya kujenga upya, nyota wao kijana Bobby Witt Jr. angekuwa sokoni. Februari 2024 wakampa karibu milioni 289 kwa miaka 11. Umri wake siku ya saini? Miaka 23. Mwaka huohuo wakashinda mechi 86 na kuingia hatua ya mtoano. Si Witt peke yake aliyefanya hivyo, walisajili na warushaji wa maana. Lakini usajili ule ulikuwa na mtu wa kujengewa.

Na hapa ndipo namba inayoninyima usingizi. Wale sita waliokuja Washington hawakuwa magarasa. CJ Abrams aliitwa kikosi cha nyota wa ligi 2024. MacKenzie Gore na James Wood wakaitwa 2025. Nyota watatu kutoka biashara moja! Biashara za aina hii kwa kawaida zikikupa mmoja unashukuru. Kwa kipimo chochote cha biashara yenyewe, Washington walifanikiwa. Mwaka huo wa 2025, Wood na Gore wakiwa kikosi cha nyota, Nationals walifungwa mechi 96, na Julai meneja mkuu Mike Rizzo na kocha Dave Martinez wakafukuzwa siku moja.

Juni 29 mwaka huo, wakicheza na Angels, Wood alipewa besi ya bure kwa makusudi, yaani wapinzani waliamua aende besi ya kwanza bila kumrushia mpira, mara nne katika mechi moja. Hakuna aliyefanyiwa hivyo tangu mpigaji Barry Bonds mwaka 2004. Kijana ana kimo cha mita mbili, anasogea kwenye sahani, pale anaposimama mpigaji, anaweka miguu sawa, na benchi la wapinzani linanyoosha vidole vinne: aende zake. Heshima kubwa, bila shaka. Pia ni hesabu ya kawaida: ya nini kumrushia mtu huyu wakati anayefuata hatishi? Soto aliishi hivyohivyo miezi yake ya mwisho Washington, anatembea kwenda besi ya kwanza huku timu inafungwa.

Wood atakuwa huru baada ya msimu wa 2030. Siku alipopewa zile besi nne alikuwa na miaka 22.