Mikaratusi ya Blue Mountains: kuchoma au kuacha?

Kila msimu mbaya wa moto unapopita kusini-mashariki mwa Australia, watu wa kauli mbili hugongana. Wa kwanza husema msitu haukuchomwa vya kutosha: kama majani na magome makavu yangeteketezwa kidogo kidogo miezi ya baridi, moto kichaa wa kiangazi usingekuwa na cha kula. Wa pili hujibu kwamba msitu umechomwa kupita kiasi, sasa uachwe upumue. Katika misitu mirefu ya mikaratusi iliyoota kwenye miamba ya mchanga ya Blue Mountains, milima iliyo magharibi mwa Sydney, wote wawili wana hoja. Shida ni kwamba mmoja anatazama mgongo wa kilima, mwenzake anatazama korongo.

Mwamba wa mchanga huzaa udongo maskini, wenye fosforasi kidogo sana na usiokaa na maji. Juu mgongoni miti huwa mifupi, imejipinda, na chini yake kumejaa vichaka vigumu. Teremka korongoni, kwenye kivuli, unyevu na udongo ulioshushwa na mvua kwa karne nyingi, ukutane na mambo mengine kabisa. Pale mto Grose unapokutana na kijito cha Govetts, Eucalyptus deanei hupanda kufikia mita 60 hivi, shina limenyooka, gome laini. Wakulima wa Kenya na Tanzania wanaopanda Eucalyptus saligna kwa ajili ya nguzo na kuni wangeona ndugu yake wa karibu; saligna nayo asili yake ni pwani na milima ya upande huo wa Australia.

Mikaratusi mingi haifi kwa moto. Shina likiungua hutoa machipukizi kutoka chini ya gome, au huchipua upya kwenye kisiki kilichovimba ardhini. Lakini si yote. Eucalyptus oreades, mti mrefu wa Blue Mountains unaoota hasa juu ya mwamba huohuo wa mchanga, moto mkali huuua moja kwa moja, na kizazi kipya hutoka kwenye mbegu tu. Moto wa pili ukija kabla miche haijakomaa na kuzaa, hakuna wa kurithi. Ndiyo maana miongozo ya New South Wales, jimbo lenye milima hii, inatenganisha misitu: ile mikavu yenye vichaka hupewa nafasi ya miaka 7 hadi 30 kati ya moto na moto, ile yenye unyevu na vichaka miaka 25 hadi 60. Ukichoma yote kwa ratiba moja, lazima uumize mojawapo.

Wanaotetea uchomaji hawajengi hoja hewani. Eneo lililochomwa miaka michache iliyopita huwaka kwa utulivu zaidi, na wazimamoto hupata mahali pa kusimama. Uchunguzi wa serikali ya New South Wales wa mwaka 2020 ulikubali kwamba uchomaji husaidia, hasa ukifanywa karibu na makazi. Aidha, wenyeji wa asili wa milima hiyo, wakiwemo Wadarug na Wagundungurra, walitumia moto huko kwa vizazi vingi kabla ya Wazungu kufika. Moto mdogo, unaotembea polepole, unaowashwa na mtu anayelijua eneo lake. Kuuita huo uharibifu ni kutojua historia.

Hata hivyo hesabu haiwapendelei sana. Utafiti wa Owen Price na Ross Bradstock kuhusu eneo la Sydney ulikadiria kwamba unahitaji kuchoma takriban hekta tatu kwa makusudi ili kupunguza hekta moja ya moto kichaa. Na siku ya joto kali na upepo, moto huruka juu ya maeneo yaliyochomwa. Moto wa Gospers Mountain, ulioanza kwa radi tarehe 26 Oktoba 2019, uliteketeza zaidi ya hekta 500,000, ukaingia hata kwenye makorongo yenye unyevu ambayo kwa kawaida huuzima. Desemba hiyo, moto uliowashwa na wazimamoto huko Mount Wilson ili kuukabili, yaani kuteketeza vya kuungua kabla haujafika, uliponyoka na kuunguza nyumba. Hasara nyingine ni ya kimyakimya: matundu ya mashina ambamo Petauroides volans, mnyama mwenye mfuko anayeteleza hewani kutoka mti hadi mti, hulala mchana, huchukua zaidi ya miaka 100 kujitengeneza. Hata moto mpole ukila chini ya mti mkongwe wenye kovu, mti huanguka na nyumba yake.

Basi tuache? Hapa ndipo ninapoachana na wanamazingira wa upande huo. Msitu wa Eucalyptus deanei niliotaja, Blue Gum Forest, upo leo kwa sababu watu waliingilia kati: mwaka 1931 wapanda milima walimkuta mpangaji akijiandaa kuikata miti apande jozi, wakachanga pauni 130 kumlipa aachie. Kuingilia kati nako huweza kukosewa: Novemba 2006 moto wa radi ulipita humo, na wakazi walilipia tangazo gazetini kudai uchunguzi, wakilalamikia moto wa kukabili uliowashwa na wazimamoto. Lakini katika msimu wa moto wa 2019–2020, misonobari ya Wollemi, ambayo porini haifiki miti 100 iliyokomaa, iliokolewa na wazimamoto walioshushwa kwa helikopta wakafunga mabomba ya kumwagilia. Hali ya hewa imeshabadilishwa. Msitu ulioachwa leo hauachiwi mazingira yaleyale ya zamani.

Kwa maoni yangu uchomaji ubanwe kwenye migongo mikavu inayopakana na miji kama Katoomba na Blackheath, urudiwe mara kwa mara huko, na wenyeji wa asili wapewe kiberiti na mamlaka, si sherehe tu. Makorongo yasichomwe, fedha zake ziende kwenye kuwahi radi, yaani vikosi vya kushuka porini saa chache baada ya dhoruba, moto ukiwa bado mdogo. Ni ghali, na kiangazi chenye radi mia kwa usiku mmoja kitawashinda. Lakini lengo la hekta kwa mwaka, ambalo wanasiasa wanalipenda, ni kipimo kibaya. Huwasukuma maofisa kuchoma mbali porini, ambako hekta moja ni nafuu na rahisi, badala ya nyuma ya nyumba za watu, ambako ni ghali, moshi huleta malalamiko na siku zinazofaa ni chache.