Watu wa mlimani si wakaidi, hesabu yenu ndiyo mbovu

Wiki iliyopita afisa mmoja alisimama redioni akatueleza kwamba shida kubwa ya maporomoko ya ardhi huku mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, si mvua, si mteremko, wala si serikali. Shida ni ukaidi. Nyumba zimejengwa, malori yameletwa, na bado watu wanarudi kule kule juu kama mbuzi. Mtangazaji akacheka. Jina la huyo bwana silitaji, maana akiondoka kesho atakuja mwingine na kusema yale yale. Mimi nilikuwa kwenye taksi ya kurudi Mbale, mji wetu wa chini ya mlima. Abiria watatu nyuma yangu walikuwa wa Bududa, wilaya ya mlimani, na walinyamaza kimya cha mtu aliyezoea kusemwa.

Basi tuuongelee huo ukaidi.

Machi 1, 2010, mlima ulikifukia kijiji cha Nametsi huko Bududa, mamia ya watu wakafa. Mwaka 2012 ikawa Bumwalukani. Oktoba 2018 mto Sume ukateremka Bukalasi na mawe makubwa kama nyumba. Novemba 27, 2024, ikawa zamu ya Masugu, upande wa Bulambuli. Kila mara picha ni ile ile: helikopta, waheshimiwa wenye gambuti mpya zisizo na tope, maturubai, posho (unga wa mahindi) na maharagwe, na ahadi ya kuwahamisha watu wote walio hatarini. Halafu jua linawaka, kahawa inaiva, na faili linarudi kabatini.

Baada ya Nametsi, mamia ya familia zilipakiwa kwenye malori zikapelekwa Kiryandongo. Kwa wasomaji wa mbali: hapo ni Bunyoro, upande wa pili wa nchi, jirani na makazi ya wakimbizi. Wapo waliobaki huko na wametulia, Mungu awabariki. Lakini wengi walirudi, na wale waliorudi ndio wanaoitwa wakaidi.

Nina mama mmoja ninayenunua malewa (machipukizi ya mianzi) kwake, kina mama wa sokoni wanamjua. Kwao ni Bududa. Siku moja nilimuuliza, kwa ujinga wangu wa mtu wa mjini, mbona asihamie tambarare apewe nyumba ya matofali. Hakukasirika. Aliweka kisu chini akanifanyia hesabu, na tangu siku ile sijasikia afisa yeyote akiijibu.

Kwanza, kahawa. Arabika inataka ubaridi wa juu. Huwezi kuishusha Bunambutye, tambarare zilikojengwa nyumba za serikali, ukaiambia izoee joto. Mibuni yake ndiyo ada ya watoto, ndiyo hospitali, ndiyo mchango wa msiba. Chini atalima mahindi, sawa, na mahindi huliwa, lakini siku ambayo kila jirani amevuna debe kumi na wewe umevuna debe kumi, utamuuzia nani? Migomba yake iko juu pia, na chini ya migomba kuna maharagwe, na kando ya maharagwe kuna ng'ombe mmoja anayekula maganda. Shamba la mlimani ni dogo, ila limepangwa ghorofa kwa ghorofa. Ukimpa ekari ya uwanda mtupu ukadhani umemfidia, wewe hujawahi kulima.

Pili, na hapa ndipo nilipopata adabu: yule mama ni mjane. Kipande kile cha juu ni chake kwa sababu yuko juu yake. Hana hati, hana karatasi, ana miguu yake tu. Siku atakayoshuka kwenda kwenye nyumba ya serikali, shemeji zake watahamisha mpaka kabla vumbi la lori halijatua. Serikali haijanunua ardhi anayoiacha. Haijamwambia itakuwa msitu, itakuwa mali ya wilaya, au itabaki jina lake. Haijasema kitu. Matokeo yake ni kwamba anayehama anapoteza, na anayebaki analima sehemu mbili. Nikuulize wewe afisa wa redioni: ungekuwa wewe, ungehama?

Tatu, makaburi. Mumewe yuko pale, mama mkwe yuko pale, na vijana wake walisimama ua ule ule siku ya imbalu, tohara yetu ya Kigisu. Najua wapangaji wa mipango wakisikia neno kaburi wanaandika «changamoto za kitamaduni» na kusonga mbele. Mzee asiyekuwa na mahali pa kumsimamisha mjukuu wake siku ya tohara amepoteza kitu ambacho hakimo kwenye jedwali lenu la vifaa vya kaya, na sufuria na blanketi hazikilipi.

Nitakubali moja, na sitalirudia. Serikali ilinunua zaidi ya ekari 2,800 pale Bunambutye, na wanajeshi, polisi na magereza wakajenga nyumba za kweli. Familia za kwanza kutoka Bududa zilihamia mwaka 2019. Nimezipita nyumba zile, ukuta umesimama, bati haliimbi upepo ukivuma. Kwa nchi ambayo daraja likivunjika tunaombea msimu wa kiangazi, hiyo ni kazi. Lakini nyumba ni saa nane za usiku. Saa kumi na sita zinazobaki mtu anaishi wapi, anakula nini, anamuuzia nani, mtoto anakaa dawati gani?

Sasa njoo kwenye kichekesho chenyewe. Hao wanaoitwa wakaidi wanahama! Wanahama kila mwaka. Hawaendi tu pale mlipowachorea.

Mimi nimezaliwa Namatala, mtaa wa Mbale. Anayeijua Namatala anajua kwamba ukikohoa usiku jirani anakwambia pole, na pole hiyo ni ya Kiswahili kwa sababu upande huu kuna Mgisu wa mlimani, upande ule Mteso, nyuma Mkaramoja, na mwenye nyumba hayuko, yuko Kampala. Kila baada ya mvua kubwa ya mlimani vyumba hujaa. Kijana anakuja kwanza, anasukuma toroli, anabeba matofali, akipata mkopo anapanda boda. Mwaka unaofuata anamleta dada. Kisha mama anakuja «kutibiwa mguu» na haondoki. Hakuna lori la serikali hapo, hakuna turubai, hakuna waziri. Mpango mzima wa uhamiaji unaendeshwa na binamu na simu ya kitochi. Mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la mtaa, anawajua kwa majina, lakini hakuna aliyewahi kuja kumuuliza idadi yao.

Na wanakohamia ni wapi? Kando ya mto! Sehemu ya bei nafuu siku zote ni ile ambayo maji yana hati yake. Usiku wa Julai 30, 2022, mito ya Namatala na Nabuyonga ilifurika, Mbale ikalia. Wapo watu waliokimbia udongo wakakutana na maji.

Hebu sasa angalia tarehe hiyo vizuri. Julai 29, 2022, yaani jana yake tu, mawaziri wa kanda hii walikuwa Kampala wakitia saini azimio la uhamaji, mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Linaitwa Azimio la Kampala. Nadhani wino ulikuwa haujakauka.

Huo ndio ugonjwa wetu. Kwa karatasi, Uganda hatuna mpinzani. Sera ya wakimbizi wa ndani tuliiandika mwaka 2004, wakati kaskazini ilikuwa kambini kwa sababu ya vita vya mwasi Kony. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa kuwalinda waliofurushwa makwao ulipitishwa mwaka 2009 hapa hapa, unabeba jina la mji wetu mkuu, na sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuuridhia. Ndani yake mabadiliko ya tabianchi yametajwa waziwazi. Sheria ya tabianchi tunayo tangu 2021. Na ukitaka kucheka mpaka utoe machozi, fungua Katiba ya 1995, ibara ya 249: kutakuwa na Tume ya kujiandaa na kushughulikia majanga. Kutakuwa! Aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto shuleni, na tume haijazaliwa. Kilichopo ni idara ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoamshwa na king'ora kama zimamoto, ikizima moto inarudi kulala.

Ajabu ni kwamba wizara ile ile ya majanga ndiyo ya wakimbizi, na kwa wakimbizi wanajua kupanga. Tunao zaidi ya milioni 1.7. Basi likiwasili mpakani kuna anayeandika jina, kuna kiwanja, kuna kisima, kuna shule hata kama ni ya hema. Bidibidi, makazi ya wakimbizi, ilikuwa kichaka mwaka 2016, kabla mwaka haujaisha ilikuwa mji. Asije mtu akanisoma vibaya: mkimbizi wa Sudan Kusini hajamnyima Mgisu chochote, na posho yake imepunguzwa mpaka inatia aibu. Ninachosema ni kwamba uwezo upo. Ila inaelekea uwezo huo huamka fedha zikitoka Geneva, na kusinzia zikitakiwa kutoka Kampala.

Karamoja, kaskazini mashariki, nako ni vile vile. Ukame ukikaza Napak, watoto wanaonekana kwenye taa za barabarani Kampala wamenyoosha mkono. Jibu letu ni nini? Wanakamatwa, wanapakiwa, wanarudishwa Koblin, kituo cha serikali kule Napak, na baada ya muda mfupi wamerudi Kisenyi, mtaa wa Kampala. Mwaka 2022 watu walikufa njaa kule. Mwaka 2023 tukasikia mabati ya msaada ya Wakaramoja yamepata miguu, na mawaziri wakapandishwa kizimbani. Siongezi neno, shinikizo langu la damu haliruhusu.

Kasese, magharibi, waliofurushwa na mto Nyamwamba mwaka 2020 walikaa Muhokya kambini miaka. Ziwa Victoria mwaka huo huo lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kumeza mialo, na wavuvi wakajihamisha wenyewe, kama kawaida.

Baada ya Masugu serikali ilibadili wimbo, ikaanza habari ya kuwapa watu fedha taslimu wakanunue ardhi wanakotaka. Nusu yangu inashangilia. Angalau kuna mtu ametambua kwamba Mgisu ana akili ya kuchagua kijiji. Nusu nyingine inajua madalali wa Mbale. Tangazo likitoka asubuhi, bei ya kiwanja imepanda kabla ya chai ya saa nne. Mwenye fedha hizo atauziwa kinamasi, atajenga, na siku moja NEMA, mamlaka ya mazingira, watakuja na matingatinga kama walivyofanya kwenye kinamasi cha Lubigi, Kampala, mwaka 2024, na yeye ataitwa mvamizi. Kutoka mhanga hadi mkaidi hadi mvamizi, na hajatenda kosa lolote zaidi ya kutafuta mahali pa kulaza kichwa.

Mpango wa kweli ungeanza na hapa wanapofikia. Mbale ilifanywa jiji Julai 2020, tukapiga ngoma. Jiji linapokea watu wa mlima mzima, lakini bajeti inahesabu wakazi wa sensa, na mvua haisubiri sensa. Pimeni viwanja vya watu maskini kabla dalali hajavipima. Chimbeni mitaro, ongezeni madarasa. Kule juu, mpeni yule mama karatasi inayosema kipande chake ni chake hata akilala kwingine, alime mchana, alale chini, na pawe na gari la kumpandisha asubuhi na kumshusha jioni miezi ya mvua. Afisa alisema watu wanapanda kwenda kulima kana kwamba ni wizi. Kulima juu na kulala chini ndilo jambo la maana kuliko yote niliyosikia katika mjadala huu, na wamelibuni wenyewe, kwa miguu, bila mshauri mwelekezi.

Gharama? Itakuwepo. Naambiwa fedha hakuna. Fedha hakuna, lakini kila hoteli nzuri ya mji huu ina warsha ya «ustahimilivu» mara kwa mara, chai na sambusa, posho ya kikao inasainiwa saa nane mchana. Nimewahi kuhudhuria moja kama mkalimani. Walizungumza siku nzima kuhusu watu wa mlimani na mtu wa mlimani pekee chumbani alikuwa anapanga vikombe.

Kikao cha bajeti cha jiji ni cha wazi, raia yeyote anaingia. Safari hii nitakwenda na mwenyekiti wetu wa LC1 na daftari lake lenye majina ya waliohamia kwetu tangu Masugu. Swali letu ni moja: hawa mmewawekea shilingi ngapi? Wakitunyima maikrofoni tutasema bila maikrofoni, sauti ya Namatala mnaijua.